Nafsi Nayo Huona Njaa: Maswali na Majibu

Haya ya nafsi kuona njaa si mambo ya dini? Yanaingiaje kwenye afya?

Kwa aliye na dini, ibada ni mlango mpana wa kuilisha nafsi, na sitamwambia aufunge. Lakini hata asiye na dini ana nafsi, nayo huchoka. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inaieleza afya kuwa ni ukamilifu wa hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha ya mtu pamoja na wenzake, wala si kukosa ugonjwa tu. Mwaka 1984 Mkutano wa Afya Duniani, ambao ndio chombo cha juu cha shirika hilo, ulipitisha azimio lililotambua kwamba afya ina upande wa kiroho pia.

Lugha yetu ilishalijua hilo. Tunasema fulani roho yake iko juu juu, nafsi inamsuta, moyo umekunjuka, amekufa moyo. Hakuna anayesikia "amekufa moyo" akakimbilia kupima mapigo. Ninapoandika nafsi hapa, namaanisha hiyo sehemu inayosutwa na kukunjuka: inayotamani, inayohuzunika, inayoona jambo hili lina thamani na lile halina.

Nitajuaje kwamba nafsi yangu ina njaa?

Njaa ya tumbo haina haya, itakuamsha hata usiku wa manane. Ya nafsi huja kimyakimya. Unaamka, unafanya yote yanayotakiwa, unalala, na ukiulizwa siku ilikuwaje hukumbuki hata jambo moja. Vitu vidogo vinakukera. Habari njema inafika, unatabasamu kwa adabu, basi.

Kuna dalili moja ambayo watu huionea haya, nami naiona ya thamani kuliko zote: wivu. Si wivu wa mali. Ni ule unaokuchoma ukimwona mtu anaimba, anashona, anafundisha, au anafungua injini na kuifunga tena, na ndani yako kitu kinanong'ona, "Hata mimi ningeweza." Usiufukuze haraka. Ukaribishe, uuulize umetoka wapi. Mara nyingi unakuonyesha mahali kipaji chako kilipolala.

Ila kabla ya kuilaumu nafsi, uangalie mwili. Upungufu wa damu, tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi kwa udhaifu, kisukari kisichodhibitiwa, usingizi mbovu: vyote hivi humfanya mtu ajisikie mzito na kukosa hamu. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi kila usiku. Kama uchovu umekaa wiki kadhaa na chanzo hakijulikani, nenda ukapimwe. Inauma sana kuona mtu amejiita mvivu, au amejiona ana imani haba, kwa muda mrefu, kumbe ni damu iliyopungua.

Nitaitofautishaje na sonona?

Njaa ya nafsi hulegea ukipata mapumziko, rafiki wa kweli au kazi inayokugusa. Sonona haibanduki kirahisi hivyo. Ni huzuni, au kukosa hamu hata ya vitu ulivyovipenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Huambatana na mengine: usingizi kuvurugika, hamu ya kula kubadilika, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kujiona huna thamani au una hatia, kufikiria kifo.

Huo ni ugonjwa, na unatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Hakuna ushauri mwingine katika makala hii unaochukua nafasi ya matibabu hayo. Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, usibaki peke yako. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, aende nawe kituo cha afya au apige namba ya dharura. Mficha uchi hazai, nasi tunataka uwe hai.

Uwezo wa ndani ni kitu gani hasa? Si kuna waliojaliwa na wasiojaliwa?

Tunazaliwa tofauti, hilo ni kweli. Kosa ni kudhani kipaji ni kama rangi ya macho, kwamba ulichopewa siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho.

Mwaka 2000 watafiti wa London wakiongozwa na Eleanor Maguire waliupima ubongo wa madereva wa teksi wa jiji hilo. Ili kupata leseni, madereva hao hulazimika kukariri takriban mitaa 25,000. Ilionekana kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Swali likabaki: je, labda walizaliwa hivyo, ndiyo maana wakaiweza kazi hiyo? Basi watafiti wakawafuata wanafunzi wa udereva tangu mwanzo wa mafunzo hadi mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kwa waliofaulu, eneo hilo lilikuwa limekua. Kwa walioshindwa, na kwa wasiosomea kazi hiyo kabisa, halikubadilika. Nami napenda kukumbusha kwamba hao walikuwa watu wazima, wenye majukumu kama wewe.

Kwa hiyo usiufikirie uwezo wa ndani kama hazina iliyofukiwa inayongoja siku yake. Ufikirie kama mmea: ukitumiwa unaota, ukiachwa unasinyaa, lakini mzizi hudumu muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wametumia miaka mingi kuchunguza kinachomfanya mtu afanye jambo kwa hamu yake mwenyewe, bila kusukumwa. Walifikia mahitaji 3: kuwa na hiari katika unachokifanya, kujiona unakiweza na unazidi kukiweza, na kuhisi umeungana na watu wengine. Chukua jambo lolote ulilolipenda ukaliacha, ulipime kwa hayo matatu. Uliimba kwa kupenda, kisha mtu akaanza kukulazimisha uimbe mbele ya wageni: hiari ikaondoka. Ulipenda hesabu, darasa zima likakucheka kwa jibu moja baya: ukaacha kujiona unaweza. Ulikuwa na wenzako wa kufanya nao, wakahama: ukabaki peke yako na jambo likafifia. Ukishajua ni kipi kilichokatika, unajua pia pa kuanzia kuunga.

Sina muda. Nina kazi, nina watoto, namuuguza mzazi. Nianzie wapi?

Hili ndilo swali ninaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu anayeuliza hivi kwa kawaida si mvivu. Ni mtu aliyewagawia wengine siku yake yote mpaka yeye mwenyewe hakubakiwa na kitu.

Anza na dakika 10 na jambo moja tu. Lifunge kwenye kitu unachokifanya kila siku bila kukumbushwa, kama vile baada ya kupiga mswaki, au mara tu watoto wanapolala. Aliyekuwa akichora zamani, daftari na penseli vilale mezani usiku, kwa sababu kinachohitaji kutafutwa kabatini huwa hakifanyiki. Asubuhi achore kikombe kilicho mbele yake. Kesho yake, mkono wake wa kushoto. Asimwonyeshe mtu, asijisahihishe, asijilinganishe na alivyokuwa akichora ujanani. Wiki za mwanzo kazi yake ni moja: kurudi mezani.

Usitegemee mazoea yajengeke kwa wiki 3, kama inavyosemwa sana. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kufanya kila siku kwa wiki 12. Ilichukua wastani wa siku 66 jambo kuanza kwenda lenyewe. Kwa wengine zilikuwa siku 18 tu, na kwa wengine ilikadiriwa zingefika 254. Ndani ya matokeo hayo kuna faraja ambayo watu huisahau: kuruka siku moja hakukuharibu safari. Ukikosa leo, endelea kesho, bila kujihukumu.

Kwa anayeuguza mgonjwa nyumbani nina neno la ziada. Hatia itakujia ukitoka hata dakika 10. Najua. Waambie wa nyumbani waziwazi, "Dakika hizi mtu mwingine akae naye." Mgonjwa anahitaji mikono yako, lakini anahitaji pia uso wako uwe na uhai, naye huutazama kutwa.

Kukaa kimya na kupumua polepole kunasaidia kweli?

Kunasaidia, na sababu yake iko mwilini. Unapokuwa na hofu au haraka, mwili humwaga homoni za adrenalini na kortisoli, moyo hudunda kwa kasi na pumzi huwa fupi. Mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka kwenye ubongo kushuka hadi moyoni na tumboni, hufanya kinyume chake: hupunguza mwendo. Pumzi ndefu za kutoa hewa huupa nafasi ya kufanya kazi. Vuta hewa puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Hapo utakuwa unapumua mara 6 kwa dakika. Fanya kwa dakika 5.

Lakini kimya hakimfai kila mtu kwa namna moja. Aliyepitia ukatili, vita au ajali mbaya anaweza kufumba macho akakutana na yale yale aliyokuwa akiyakimbia. Ikiwa ni wewe, usijilazimishe. Acha macho wazi, tembea badala ya kukaa, zihesabu hatua zako, uhisi unyayo unavyogusa ardhi. Na kumbukumbu hizo zinastahili kusikilizwa na mtaalamu, mahali salama.

Simu nayo?

Usiitupe. Ila isiwe kitu cha kwanza kushikwa asubuhi wala cha mwisho usiku. Chumba cha kulala kisiwe mahali pa kuichajia.

Naweza kufanya yote haya peke yangu?

Sehemu yake, ndiyo. Yote, hapana. Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kina utafiti ulioanza mwaka 1938, unaofuatilia maisha ya watu tangu ujana hadi uzee, na sasa hata ya watoto wao. Walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80. Si lazima wawe watu wengi. Mmoja anayeweza kukuuliza, "Bado unachora?" na akangoja jibu, ni mkubwa kuliko kundi zima la salamu.

Kazi yangu inaniua nafsi na siwezi kuiacha. Nifanyeje?

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoidhinishwa mwaka 2019, linautambua uchovu mkali wa kazini kama hali itokanayo na msongo wa kazi usiodhibitiwa, ingawa haliuiti ugonjwa. Uchovu huo una alama 3: nguvu kuisha, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona hufanyi lolote la maana. Naomba uone neno "usiodhibitiwa". Kama saa za kazi hazina mwisho au unadhalilishwa, kupumua polepole hakutaondoa dhuluma. Hapo zungumza na wenzako, omba mabadiliko, tafuta njia ya kutoka hata kama ni ya mwaka mzima.

Wakati njia hiyo ikitafutwa, kuna jambo ambalo Viktor Frankl, daktari wa akili wa Austria aliyenusurika kambi za mateso za Wanazi, alilifanyia kazi maisha yake yote: binadamu hustahimili mengi akiwa na maana ya kuyastahimili. Jiulize, katika kazi hiyo hiyo, ni nani anayefaidika na mikono yako? Mtaje kwa jina. Kwa wengine jibu ni mteja mmoja, kwa wengine ni ada ya mtoto. Lishike jibu hilo bila kulifanya kisingizio cha kukaa mahali panapokuumiza.

Nina zaidi ya miaka 60. Sijachelewa?

Kasi ya kujifunza hupungua, ndiyo. Lakini msamiati na maarifa ya maisha hudumu sana, na ubongo haukomi kujifunza. Utajifunza polepole kuliko mjukuu wako, na utaelewa vitu ambavyo yeye bado.

Nikianza, nitajuaje kwamba nafsi inashiba?

Usingoje furaha kubwa. Angalia vitu vidogo. Umekumbuka ndoto. Umeona rangi ya anga ulipotoka kazini. Umemsikiliza mtu mpaka mwisho bila kuangalia saa. Ule wivu umepungua ukali, na sasa unamtazama yule mwimbaji au fundi ukitaka kujua anafanyaje. Kuna siku ambazo hutaona lolote, nazo ni nyingi. Na mwingine hagundui mwenyewe mpaka aambiwe: yuko jikoni anaosha vyombo, mtoto anaingia na kuuliza, "Mama, wimbo gani huo?" ndipo anajua kwamba alikuwa anaimba.