Je, wajua kwa nini draiva ya mistari 200 hurudishwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa katika kerneli?

Mtu anapoandika draiva ndogo ya kihisi cha jotoridi, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa hicho, huijaribu mezani pake, huona nyuzi joto zikisomeka sawasawa, kisha huituma kama kiraka, yaani pendekezo la mabadiliko ya msimbo, kwa wanaosimamia kerneli ya Linux akiamini kwamba kazi imekwisha. Anachopata ni maswali, mengi yakianza na neno "ikiwa". Huandika toleo la pili, kisha la tatu, na si ajabu akafika la sita. Kompaila, programu inayogeuza msimbo uwe lugha ya mashine, haikulalamika na kihisi kinafanya kazi. Wahakiki wanatafuta nini?

Wanasoma msimbo huku mawazo yao yako kwenye nyaya. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi, na draiva nyingi za Linux hukaa ndani ya kiini hicho. Programu ya kawaida ikikosea hufungwa yenyewe na kazi nyingine zikaendelea, ilhali draiva ikikosea yaweza kuiangusha mashine nzima. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchunguzi wa msimbo wa Linux ulioonyesha kwamba kwa baadhi ya aina za makosa, kiwango cha makosa katika draiva kilikuwa kikubwa mara 3 hadi 7 kuliko katika sehemu nyingine za kerneli. Sidhani kwamba waandishi wa draiva ni wazembe kuliko wenzao. Shida ni kwamba wao hulazimika kuandika upande mmoja tu wa mazungumzo, na upande wa pili ni maunzi ambayo hayasomi msimbo wa mtu.

Mazungumzo hayo hupita kwenye basi. Hili si basi la abiria, ingawa jina si baya, kwa kuwa ni njia moja ambayo vifaa kadhaa huitumia kwa pamoja. Basi la I2C, lililobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982, lina nyaya mbili tu za mawasiliano: mmoja wa data na mwingine wa saa, yaani mapigo yanayopanga mwendo wa mazungumzo. Kila waya huinuliwa juu na rezista, na kifaa chochote kinaweza kuuvuta chini, lakini hakuna kinachousukuma juu. Anayeanzisha mazungumzo hutuma anwani ya biti 7, huongeza biti moja ya kusema kama anataka kusoma au kuandika, kisha huuachilia waya wa data na kusubiri pigo la 9 la saa. Kifaa chenye anwani hiyo huuvuta waya chini, na hiyo ndiyo namna yake ya kusema "nipo". Waya ukibaki juu, hakuna aliyeitika. Kifaa kinaruhusiwa pia kuushikilia waya wa saa chini ili kiombe muda zaidi. Na prosesa ikiwashwa upya katikati ya kusoma baiti, kifaa kinaweza kubaki kimeushikilia waya wa data, kikingoja mapigo ambayo hayaji, na basi zima likafa. Dawa yake ni kulipigia saa hadi mara 9 mpaka kifaa kiachilie.

Mwandishi wa draiva huenda hajawahi kuona hata moja ya hali hizo, kwa sababu mezani pake kifaa huitika kila kinapoitwa. Mhakiki, ambaye mara nyingi hana kifaa hicho kabisa, huziona zote kwa kusoma tu.

Tuchukue mfano mmoja kwa karibu. Ili kusoma rejista ya kihisi, yaani kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani yake, draiva hutuma jumbe mbili kwa pamoja, wa kwanza ukitaja namba ya rejista na wa pili ukiomba baiti zilizomo, kisha hukagua matokeo:

ret = i2c_transfer(client->adapter, msgs, 2);
if (ret < 0)
    return ret;

Mistari hii inaonekana safi. Lakini i2c_transfer hurudisha namba hasi palipotokea kosa, na pasipo kosa hurudisha idadi ya jumbe zilizotekelezwa. Draiva iliomba mbili. Ikirudishiwa 1, masharti ya hapo juu hayanasi chochote, msimbo unaendelea, na "jotoridi" linalopelekwa kwa mtumiaji ni mabaki yaliyokuwa kwenye kumbukumbu kabla ya hapo. Kwa hiyo kosa lililoonekana la kipimo tu limegeuka kuwa la usalama, maana yaliyokuwamo ndani ya kerneli yanaweza kuvujia nje. Anayesoma haraka huipita mistari hii, na mwenye mazoea hutazama kwanza kama palipoandikwa "chini ya sifuri" palipaswa kuandikwa "si 2".

Kosa jingine linalorudi kila mara ni kusubiri bila kikomo. Draiva husoma rejista ya hali ya kifaa na kuzunguka papo hapo mpaka biti ya "nina shughuli" izimike. Kwenye basi la PCI, linalounganisha prosesa na vifaa kama kadi za mtandao, jambo hili lina mtego wake: kifaa kikichomolewa au kikifa, kukisoma hakuleti ujumbe wa kosa, bali huleta biti zote zikiwa 1, yaani 0xFFFFFFFF. Biti ya shughuli itaonekana imewaka milele, na prosesa itazunguka hapo hapo milele. Ndiyo maana wahakiki hudai kikomo cha muda katika kila kitanzi cha namna hiyo, hata pale mwandishi anapoapa kwamba kifaa hujibu mara moja. Kuandika kwenye PCI nako kuna ujanja wake, kwa kuwa amri ya kuandika inaweza kukaa njiani wakati msimbo umeshasonga mbele. Anayetaka kuhakikisha kwamba imefika hukisoma kifaa palepale, kwa maana kusoma hulazimisha yaliyotangulia yafike kwanza.

Halafu kuna suala la kulala. Katika lugha ya kerneli, msimbo hulala unapoiachia prosesa ifanye kazi nyingine huku wenyewe ukisubiri. I2C kwa kasi yake ya kawaida ya kilohezi 100 huhitaji mikrosekunde 90 kupitisha baiti moja pamoja na kiitikio chake, na katika muda huo prosesa ya gigahezi 1 huwa imepiga mapigo 90,000. Ni lazima kulala. Lakini msimbo unaopokea ishara ya kukatiza, ile ambayo kifaa hutuma kusema "nina habari", kwa kawaida hauruhusiwi kulala, na vivyo hivyo msimbo ulioshika kufuli la aina ya kuzunguka, ambalo wanaolingoja huzunguka papo hapo. Mwandishi anayesoma kihisi moja kwa moja ndani ya kipokezi cha ishara anaweza kubahatika kwa siku nyingi kabla mashine haijaganda. Mhakiki humwambia akihamishie kipokezi kwenye uzi wake chenyewe, yaani mkondo wa kazi unaojitegemea, ambao unaruhusiwa kulala.

Masuala ya mpangilio wa baiti, ujongezaji wa mistari na majina ya vigeu nitayapita. Mengi yana zana zake za kuyanasa, na kwa maoni yangu mhakiki anayeishia hapo bado hajahakiki.

Kinachostahili kukumbukwa zaidi ni kwamba kwenye basi, hata kuuliza ni tendo. Programu ya i2cdetect hupitia anwani moja moja ikitafuta vifaa vilivyopo, na mojawapo ya mbinu zake ni kutuma anwani pamoja na biti ya kuandika, bila data yoyote. Ni salamu tu. Hata hivyo, maelezo ya matumizi yake yanaonya kwamba mbinu hiyo inajulikana kuharibu yaliyomo kwenye chipu ya kumbukumbu ya Atmel AT24RF08, iliyokuwa ndani ya kompyuta nyingi za IBM ThinkPad. Mbinu mbadala ya kusoma baiti moja nayo inaweza kulikwamisha basi pale ilipo chipu ya kuandikwa tu. Kwa hiyo draiva inayobahatisha anwani ili "ione kama kuna kitu" haipiti kirahisi, hata kama msimbo wake umeandikwa kwa unadhifu.

Mwisho wa faili, mahali ambapo mwandishi huwa amechoka, pana kazi ya kuondoa draiva, yaani kipande cha msimbo kinachoendeshwa draiva inapoondolewa. Linux ina utaratibu unaoachilia wenyewe rasilimali ambazo draiva iliziomba, kwa mpangilio wa kurudi nyuma, lakini huanza tu baada ya kazi hiyo kumalizika. Mwandishi akikata umeme wa kifaa kwa mkono ndani yake, huku ishara ya kukatiza ikiwa imesajiliwa kwa utaratibu huo wa kujiachilia, unabaki upenyo mdogo ambamo kifaa hakina umeme na kipokezi bado kiko macho. Ishara ikija hapo, hasa kwenye waya unaotumiwa pia na kifaa kingine, kipokezi kitakwenda kusoma rejista za kifaa kilichozimwa. Mhakiki huandika chini ya mstari huo: "Ikiwa ishara itafika hapa, itamkuta nani?" Na toleo la sita huja likiwa limeuweka umeme nao kwenye utaratibu uleule, ukisajiliwa kabla ya ishara ili uzimwe baada yake.