Mazabodi ndogo ya bei nafuu haipunguzi kasi ya kompyuta

Wengi huamini kwamba mazabodi (ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta) ndogo ya bei nafuu, tuseme yenye chipseti, yaani chipu ya kuratibu ubao, ya A520 ya AMD, huipa kompyuta mwendo wa kobe. Si kweli. Kasi ya kuandika barua, kuperuzi mtandaoni na kupiga hesabu za duka hutoka kwa prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM (kumbukumbu ya muda) na SSD (hifadhi ya mafaili). Ryzen 5 5600G, prosesa ya AMD yenye grafiki (sehemu ya kutengeneza picha) ndani yake, itafanya kazi hizo sawasawa kwenye ubao wa milimita 170 kwa 170, ukubwa uitwao Mini-ITX, na kwenye ule wa milimita 305 kwa 244.

Kinachopungua ni nafasi. Mini-ITX huwa na nafasi mbili za RAM na moja ya kadi ya nyongeza, basi. Nunua RAM mbili za GB 8, si moja ya GB 16: ukiweka moja, njia ya pili ya kumbukumbu hukaa bure, na grafiki za ndani ya prosesa ndizo huumia kwanza.

Makosa ya gharama yako kwingine. Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G haina grafiki, hivyo tundu la HDMI la mazabodi halitoi picha yoyote. Tena BIOS (programu ya mazabodi inayoiamsha kompyuta) ya zamani huenda isiitambue prosesa ya Ryzen 5000: feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Mtake muuzaji asasishe BIOS na kuiwasha kompyuta mbele yako kabla hujalipa. A520 hairuhusu kupandisha kasi ya prosesa kupita ya kiwandani, lakini mtumiaji wa kawaida hata hatagundua. Wi-Fi, hilo atagundua. Kwenye baadhi ya mazabodi haimo.