Glasi ndiyo inayochagua utambi

Wateja wangu wa mishumaa hapa Bukavu huanza na harufu: mchaichai, kahawa, waridi? Mimi huanza na glasi. Nta ya soja ni laini, huyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi, kwa hiyo bila chombo mshumaa wake hausimami. Na upana wa chombo hicho ndio unaoamua unene wa utambi.

Utambi mwembamba kwenye glasi pana huchimba shimo katikati. Nta ya pembeni hubaki imeganda, na mwishowe mwali huzama. Ukiwa mnene kupita kiasi, unatoa moshi mweusi na glasi inapata moto hadi haishikiki. Ndiyo maana ukiniletea glasi ya haradali au ya jamu, naipima kwa rula kabla hatujazungumza bei. Napenda yenye kuta zilizonyooka na kitako kinene. Ya divai, yenye mguu mwembamba, siichukui hata ukiniongezea pesa.

"Lakini mama, soja si inalimwa Walungu? Kwa nini nta itoke ng'ambo?" Swali zuri. Mafuta ya soja ni ya majimaji. Ili yagande yawe nta, hupitishiwa gesi ya haidrojeni kwenye joto kali pamoja na kichocheo cha nikeli, njia ambayo Mjerumani Wilhelm Normann aliipatia hataza mwaka 1902. Hiyo si kazi ya mbabula, jiko letu la makaa.

Kazi ya mbabula ni kuyeyusha, na hata hapo nta haikai moja kwa moja juu ya makala: naiweka kwenye sufuria ndogo ndani ya sufuria ya maji. Ikifika nyuzi 80 natia mafuta ya harufu, asilimia 8, yaani gramu 16 kwa gramu 200 za nta, kisha nakoroga polepole. Kuzidisha hakuongezi kunukia; mafuta ambayo nta imeshindwa kuyashika hutoka juu kama jasho. Namimina ikishuka hadi karibu 55, kwenye glasi niliyoipasha joto kwanza, maana tuko meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku wetu ni wa baridi. Glasi ikiwa baridi, nta hubanduka na kuacha mabaka. Ukungu mweupe unaojitokeza baadaye ni fuwele za nta tu, si ubovu.

Kisha wiki mbili za kungoja nta na harufu vishikane. Hapo ndipo wateja hukasirika.

Ukiwasha mara ya kwanza, usizime mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni. Glasi ya sentimita 8 hutaka kama saa tatu. Kila mara punguza utambi ubaki milimita 5. Na kwa ndugu zangu wa Kadutu, ambako nyumba za mbao zimebanana na moto ukishika moja huvuka kwa jirani: usilale mshumaa ukiwaka, usiuweke karibu na pazia. Harufu nzuri haina thamani hiyo.

Nta ikibaki sentimita moja, acha kuwasha. Mimina maji ya moto yasiyochemka, ngoja yapoe, nta itaelea na kuganda juu. Iokote, usiimwage kwenye bomba la maji machafu. Ng'oa kibati cha utambi, osha kwa sabuni. Harufu hung'ang'ania, hivyo mimi siinywei chai, naweka kalamu. Ukitaka nikujazie tena, iinue kwanza kwenye mwanga: yenye ufa, hata mdogo kama unywele, sijazi.