Kubadilisha Valvu za Amplifaya ya Gitaa: Kazi ya Nyumbani na Kazi ya Fundi

Amplifaya za gitaa zinazotumia valvu, yaani chupa za kioo zinazokuza umeme wa sauti, zinaendelea kupendwa na wapigaji wengi, na kwa kuwa valvu huchakaa, mwenye nayo hana budi kuzibadilisha baada ya muda. Wanamuziki wanapotuuliza kama kazi hiyo inaweza kufanywa nyumbani, huwajibu kwamba baadhi yake inaweza, maadamu valvu zinafikiwa kwa nyuma bila kufungua chasisi, yaani kasha la chuma lenye saketi za umeme. Chasisi ikishafunguliwa, kazi hiyo ni ya fundi aliyesomea umeme.

Sababu ni hii. Ndani ya valvu kuna utambi unaopashwa moto, mara nyingi kwa volti 6.3 tu, ili kathodi, sehemu inayozunguka utambi huo, itoe elektroni ziende kwenye bamba la chuma lililoizunguka. Kinachozivuta elektroni hizo ni umeme wa bamba, ambao katika amplifaya kubwa hufika volti 400 hadi 500 za mkondo mnyoofu, takribani mara mbili ya umeme wa ukutani. Umeme huo huhifadhiwa katika kapasita, na kapasita haipotezi chaji papo hapo eti kwa sababu plagi imechomolewa. Amplifaya nyingi zimewekewa rezista (kipande kinachozuia mkondo usipite kwa wingi) ya kuiondoa chaji hiyo taratibu, lakini rezista ikikatika hakuna dalili ya nje ya kukuonya, na anayeingiza mkono kwa kudhani kwamba kifaa kilichozimwa ni salama anaweza kupigwa shoti na kufa. Fundi hupima kwanza kwa mita, kisha ndipo hugusa.

Valvu ndogo za hatua ya mwanzo hazina matatizo mengi. Inayotumika sana ni ECC83, ambayo Wamarekani huiita 12AX7. Ni valvu ileile. Zima amplifaya, chomoa plagi, subiri hadi kioo kipoe kabisa, kisha ivute valvu moja kwa moja huku ukiitikisa kidogo bila kuizungusha. Pini zake ni tisa, na nafasi iliyo wazi kati ya mbili ndiyo inayoonyesha upande wa kuchomeka. Ukilazimisha, pini zitapinda au kioo kitapasuka. Kama doa la rangi ya fedha juu ya kioo limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa.

Valvu kubwa za mwisho, zinazoendesha spika, ni habari nyingine, kwa sababu nyingi huhitaji kurekebishiwa mkondo unaopita zikiwa zimetulia, marekebisho ambayo mafundi huyaita bayasi. EL34, inayopatikana katika amplifaya nyingi za Marshall, ina kikomo cha wati 25 kwenye bamba, na mafundi wengi hulenga asilimia 70, yaani wati 17.5. Kwa hiyo, bamba likiwa na volti 450, mkondo unaotakiwa ni takribani miliampea 39. Katika amplifaya nyingi, kipimo hicho huchukuliwa chasisi ikiwa wazi na umeme ukiwa umewashwa, na kwa hiyo hatumshauri mtu ajaribu sebuleni. Amplifaya ya Vox AC30, yenye valvu nne za EL84, haina marekebisho hayo, kwani rezista ya kathodi huuweka mkondo yenyewe. Hata hivyo nunua seti iliyopimwa ikalingana.

Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila kuiunganisha na spika, kwa maana transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua. Fyuzi ikikatika, weka yenye kiwango kilekile. Kuweka kubwa zaidi ni kuondoa kinga pekee iliyopo.

Baada ya kuwasha, punguza mwanga wa chumba utazame valvu za mwisho. Mng'ao wa rangi ya chungwa katikati ni utambi, nao ni wa kawaida. Lakini likitokea doa jekundu kwenye bamba lenyewe la kijivu, zima mara moja, maana mkondo umepita kiasi. Usichomeke valvu nyingine mpya mahali pale kwa matumaini, kwa kuwa huenda chanzo kiko kwenye soketi, rezista au kapasita iliyovuja, na hiyo ya pili nayo itaungua. Ipeleke amplifaya kwa fundi pamoja na ile valvu iliyong'aa, ukimweleza ilikaa soketi ipi.