Mgongano wa kazi na maisha ya nyumbani hupimwaje?

Mfanyakazi ana majukumu ya kazini na majukumu mengine nje ya kazi: mzazi, mke, mtoto wa mtu, jirani. Majukumu hayo yanapovutana hata kutimiza moja kukaliharibu jingine, ndipo tunaposema pana mgongano wa kazi na maisha binafsi. Si uvivu, wala si kuichukia kazi. Mtu huweza kuipenda kazi yake sana na mgongano ukamtafuna vilevile.

Maana inayotumika zaidi ilitolewa mwaka 1985 na watafiti Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell, waliotaja sura tatu za mgongano huu. Ya kwanza ni muda. Kwetu Lamu haihitaji maelezo marefu: mhudumu anakaa mjini, hoteli iko Shela, zamu imekwisha usiku, bahari imejaa na njia ya ufukweni haipitiki. Anakaa gatini kungoja boti ipate abiria. Akifika nyumbani watoto wamelala na chakula kimepoa. Ya pili ni mkazo. Mwili umerudi, ila moyo bado uko kwa mgeni aliyemfokea mchana, na mtoto akija na daftari la hesabu anajibiwa kwa ukali. Ya tatu ni mwenendo: mkuu wa walinzi ameamrisha watu tangu asubuhi, na sauti ile ile anaingia nayo ukumbini kwake. Hii ya tatu naiona ngumu kuliko zote kuipima, kwa sababu anayeulizwa ni yeye, na walioumia ni wengine.

Kipimo chenyewe ni dodoso. Mtu husomewa kauli, naye hutaja anakubaliana nayo kwa kiasi gani. Dodoso la Richard Netemeyer na wenzake, la mwaka 1996, lina kauli 5 za kazi kuingilia nyumba na 5 za nyumba kuingilia kazi, kila moja kwa alama 1 hadi 7. La Dawn Carlson na wenzake, la mwaka 2000, lina kauli 18, yaani 3 kwa kila sura, kwa kila upande.

Pande hizo mbili zisichanganywe. Tuseme wafanyakazi wawili wamepata jumla ya 40 kila mmoja. Wa kwanza ana 32 upande wa kazi kuingilia nyumba na 8 upande wa pili. Mwenzake ana 8 na 32. Ukitazama jumla peke yake, ni ndugu pacha. Lakini yule wa kwanza dawa yake iko kwa mwajiri, kwenye ratiba ya zamu. Wa pili huenda anahitaji mtu wa kumshikia mtoto asubuhi, na zamu hata ukiibadilisha mara ngapi hutamsaidia kitu.

Kuna na swali la lini. Mtu wa hoteli ukimuuliza Desemba, wageni wamejaa, na ukamuuliza Mei wakati wa kusi, hoteli nyingi zimefunga, utapata majibu ya watu wawili tofauti. Mwezi wa Ramadhani nao, kwa anayepaswa kupika futari na zamu haijaisha, haulingani na miezi mingine. Dodoso lisilosema “katika mwezi uliopita” humwacha kila mtu akipima kwa kumbukumbu yake.

Lakini linaloniumiza zaidi ni neno “familia”. Niliwahi kukaa gatini na dada mmoja anayetandika vitanda hotelini, nikimsomea kauli zilizotafsiriwa neno kwa neno: kazi yangu inanizuia kuwa na mume na watoto wangu. Hana mume, hana watoto. Alichukua kalamu akazungushia 1, kisha 1 tena, mpaka chini. Kwa hesabu ya karatasi ile, alikuwa mtu mwenye raha kuliko wote waliokuwa pale. Nami nilijua kwamba mamake amepata kiharusi, yuko nyumbani mtaa wa Langoni, hawezi kujigeuza, na uji wa saa nne hupewa na mtoto wa jirani siku asipokwenda shule.

Kipimo huona jukumu lililotajwa tu. Nikaifuta ile kauli, nikaandika: “Kazi yangu inanizuia kumhudumia mtu anayenitegemea nyumbani.” Aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata maneno. Akazungushia 7.

Nikamwandikia na ya upande wa pili, kwamba mambo ya nyumbani yanamharibia kazi. Hapo alifikiri kidogo. “Weka 5,” akasema. “Ni zile siku mama anapoamka vibaya. Nikimaliza kumwosha, boti ya kwanza ishaondoka.”