Kabla Tone Halijagusa Stripu: Kupima Sukari na Lehemu (Kolesteroli) kwa Wahudumu wa Afya

Kila tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, meza za kupima sukari bure hupangwa stendi, viwanja vya mpira, misikitini na makanisani. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini mjini Toronto mwaka 1921. Huku kwetu Tanzania ndipo pia embe zinapoanza kujaa sokoni. Basi mtu yuko kwenye foleni, kamenya embe lake, kajifuta kwa leso, na zamu yake ikifika ananyoosha kidole. Mhudumu anapitisha pamba ya spiriti, anatoboa, mashine inaandika 14. Aliyekuja mzima anaondoka na kisukari ambacho hana.

Spiriti kazi yake ni kuua vijidudu. Sukari ya embe, ya ndizi au ya juisi ya miwa haiiondoi vya kutosha. Stripu nyingi za siku hizi, vile vijiti bapa vinavyochomekwa kwenye mashine, hunyonya damu isiyozidi mikrolita moja (sehemu ya milioni ya lita), kwa hiyo mabaki ya tunda yasiyoonekana kwa macho yanatosha kupandisha namba hata maradufu. Dawa yake ni maji na sabuni, kisha kukausha. Kidole chenye maji kinazimua damu na kushusha namba, na chenye spiriti mbichi nacho kinaharibu kipimo. Pasipo na maji, futa tone la kwanza kwa pamba kavu, upime la pili. Maji yakiwepo, mtu aoshe mikono, hata kama foleni ni ndefu na mgeni rasmi anasubiri kupigwa picha.

Naanza na mikono kwa makusudi. Wahudumu wanaokuja maabara kujifunza huuliza kwanza habari za mashine: ipi nzuri, ipi ya kukimbia. Kupishana kwa mashine kidogo kunajulikana na kumewekewa mpaka. Kigezo cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka matokeo 95 kati ya 100 yasipishane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapofika 5.55 mmol/L (milimoli kwa lita) au zaidi. Chini ya hapo yasipishane kwa zaidi ya 0.83. Mtu ambaye maabara ingempa 7.0, mashine nzuri kabisa inaweza kumpa 6.0 au 8.0, na bado iko ndani ya mpaka wake. Lakini 6 ikigeuka 14, anza kwa kutazama kidole kabla hujailaumu mashine.

Toboa pembeni mwa ncha ya kidole cha kati au cha pete. Katikati ya ncha panauma zaidi, na mtu uliyemuumiza leo hatarudi mwezi ujao. Kidole gumba na cha shahada viache vifanye kazi zao, na cha mwisho nyama yake ni nyembamba. Mkono ukiwa wa baridi, aufikiche na kuushusha chini kabla hujatoboa. Usikamue. Kidole kikikamuliwa sana, pamoja na damu hutoka majimaji ya kwenye nyama, na hapo unapima mchanganyiko. Tone lisipotosha, sema "samahani mama, naomba kidole kingine," utoboe upya kwa sindano mpya.

Sindano mpya kila mtu, kila tundu. Hili silijadili. Hata kile kifaa cha kutobolea kinachofanana na kalamu, ambacho mgonjwa hukitumia nyumbani kwake peke yake, hakipaswi kuzunguka mezani hata ukibadilisha ncha, kwa sababu damu hubaki kwenye mdomo wake. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai juu ya kifaa kwa siku 7, na vimewahi kuenezwa kwa njia hiyohiyo, watu wakipimwa sukari kwa nia njema. Tumia zile za kutoboa mara moja zinazojifunga zenyewe, glovu zibadilishwe kwa kila mtu, na sanduku la taka zenye ncha kali likae mkono unapofika bila kunyanyuka.

Stripu nayo ina adabu zake. Ndani yake kuna kimeng'enya, na kimeng'enya hakipatani na joto wala unyevu. Watengenezaji wengi wanataka zikae kati ya nyuzi joto 2 na 30, ndani ya kopo lake lililofungwa vizuri. Dar es Salaam mwezi Februari, chumba kisicho na feni kinapita 30 bila kujitahidi, na gari lililoegeshwa juani ndiyo usiseme. Wengi hukimbilia friji, na huko unyevu hulivamia kopo kila likitolewa na kufunguliwa. Kabati lenye kivuli linatosha. Andika tarehe juu ya kopo siku unayolifungua, maana tarehe ya kuisha iliyochapishwa ni ya kopo ambalo halijaguswa. Likishafunguliwa, mengi hupewa miezi 3 au 6 tu, soma karatasi yake. Kontroli ile ya chupa ndogo, yaani kimiminika chenye sukari ya kiwango kinachojulikana, ambayo vituo vingi huiacha kwenye boksi mpaka ikaisha muda, itumie unapofungua kopo jipya, mashine ikianguka, na kila namba inapokutia shaka.

Kisha kuna suala la kipimio. Hospitali zetu husoma sukari kwa mmol/L. Mashine aliyoileta mtoto kutoka Marekani inasoma mg/dL (miligramu kwa desilita). Mzee anaona 126, anaita watoto wote wakutane. Gawanya kwa 18, unapata 7.0: ni jambo la kufuatilia, hakuna haja ya kikao cha ukoo. Kwa lehemu usigawanye kwa 18, gawanya kwa 38.67, na kwa trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, gawanya kwa 88.57. Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye kadi bila kipimio haina maana. Pembeni yake weka pia saa uliyopima na saa aliyokula mara ya mwisho.

Mashine isipotoa namba, ikaandika HI, maana yake sukari imepita uwezo wake wa kusoma, ambao kwa mashine nyingi ni 33.3. Nimewahi kuona HI ikitafsiriwa kuwa kosa la mashine, mtu akaambiwa aende nyumbani arudi kesho. Osha mikono yake, rudia mara moja, na ikibaki hivyo huyo anahitaji hospitali sasa hivi. LO ni kinyume chake, nayo haina muda wa kusubiri. Mtu mzima anayejitambua akiwa chini ya 3.9, hasa anayetumia dawa za kisukari, mpe vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umwahishe kwa daktari.

Kwa sababu hiyohiyo, panga foleni upya. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi aliyeambiwa aje bila kula, akakalishwa kwenye benchi hadi saa tano asubuhi, anaweza kuanguka hapohapo. Waliofunga wapite kwanza. Na mwezi wa Ramadhani wajulishe Waislamu wanaotumia dawa hizo kuwa kutoboa kidole hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi. Wataalamu wa kisukari wanashauri mtu afungue saumu sukari yake ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6.

Kundi moja linanitia hofu kuliko mengine yote: mtoto mwenye malaria kali na damu kidogo. Mashine nyingi za kidole zimerekebishwa kwa mtu mwenye damu ya kawaida. Chembe nyekundu zikipungua sana, mashine husoma sukari juu kuliko ilivyo. Mtoto huyo ndiye hasa anayeweza kuishiwa sukari, na kiwango cha kumtibu ni chini ya 2.5, au chini ya 3 akiwa na utapiamlo mkali. Mashine ikisema 3.4 na upande wa ndani wa kope zake ni mweupe kama karatasi, usiandike "kawaida" ukaendelea na mwingine. Mwite daktari, mwambie na hiyo namba na hizo kope.

Namba siyo ugonjwa

Mezani hatutangazi kisukari. Viwango vinavyotumika kutambua ugonjwa, yaani 7.0 au zaidi kwa aliyekaa saa 8 bila kula, 11.1 au zaidi saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita) ya asilimia 6.5 na kuendelea, ni vya damu ya mshipa iliyopimwa maabara. Asiye na dalili hurudiwa siku nyingine kabla ya kupewa jina la ugonjwa. Mwenye kiu isiyoisha, mkojo wa mara kwa mara na kukonda, akiwa na 11.1 au zaidi wakati wowote, huyo daktari hatahitaji kurudia. Neno lako mezani liwe fupi: "Kipimo kimezidi, kesho asubuhi nenda hospitali kabla hujala, na kadi hii uende nayo."

Hata damu ya mshipa ina mtego. Ndani ya chupa isiyo na dawa ya kuzizuia, chembe za damu zinaendelea kula sukari, kama asilimia 5 hadi 7 kila saa kwenye joto la kawaida. Damu iliyotolewa zahanati saa mbili asubuhi ikiwa na 7.6, ikasubiri bodaboda, ikafika maabara ya wilaya saa sita mchana, inaweza kusomwa karibu 6. Hapo mgonjwa wa kweli amerudishwa nyumbani akiwa na cheti cha uzima. Chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye dawa hiyo, inasaidia, ingawa dawa yake haifanyi kazi papo hapo, kwa hiyo ifikishe mapema ikiwa kwenye barafu.

HbA1c, ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu, hakihitaji kufunga, na hilo limekifanya kipendwe. Kinategemea chembe nyekundu kuishi umri wake wa siku 120 hivi. Mgonjwa wa selimundu chembe zake hudumu siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo HbA1c yake hushuka bila sukari kushuka. Upungufu wa madini chuma nao unaweza kuipandisha. Muulize mtu habari za selimundu na za kuongezewa damu kabla hujamshauri kipimo hicho.

Lehemu

Utafiti wa taifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa karibu asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, na lehemu iliyozidi kwa takriban robo yao. Sukari ikizidi sana mwili hulalamika. Lehemu hukaa kimya miaka na miaka, na ndiyo maana kipimo chake kinapendwa mezani, kinampa mtu habari ambayo mwili haujamwambia.

Tatizo ni kwamba tone lake ni kubwa. Mashine nyingi za lehemu zinataka mikrolita 15 hadi 40, na hapo ndipo mhudumu anaposhawishika kukamua kidole mpaka kigeuke zambarau. Pasha mkono moto kwa maji ya uvuguvugu na utumie sindano inayotoboa tundu pana. Mtu akae kitini dakika 5 kwanza, maana aliyesimama muda mrefu damu yake huwa nzito kidogo, na lehemu inaweza kusomeka juu kwa kiasi cha asilimia 10 kuliko angekuwa amelala.

Glisirini ni adui mwingine. Watu wetu hujipaka, hasa msimu wa kipupwe. Kipimo cha trigliseridi hufanya kazi kwa kuzivunja na kupima gliseroli inayotoka, na hiyo gliseroli ndiyo glisirini ya kwenye chupa. Mkono uliopakwa asubuhi unaweza kukupa trigliseridi za ajabu. Maji na sabuni tena.

Kufunga siku hizi si lazima kwa kila mtu. Denmark iliacha kulisisitiza tangu 2009, na wataalamu wa Ulaya wakatoa tamko la pamoja mwaka 2016. Mlo wa kawaida haubadilishi sana lehemu yote wala HDL, ile tunayoiita lehemu nzuri. Trigliseridi ndizo hupanda, na supu ya utumbo na chapati mbili za saa nne zinajulikana kwa kazi hiyo. Hilo linagusa LDL, lehemu mbaya, kwa sababu mashine nyingi haziipimi, huikokotoa: lehemu yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi zikipita 4.5 hesabu hiyo haifai tena. Mwambie arudi akiwa hajala kwa muda wa saa 9 hadi 12, maji tu ruksa. Chai ya rangi bila sukari nayo aiache, kwa kuwa utaulizwa.

Aliyepatikana na lehemu yote ya 5.2 au zaidi asipewe dawa wala karatasi ya "kusafisha damu" inayouzwa meza ya pili. Daktari ataisoma pamoja na presha, umri, sigara na sukari. Aliye na homa kali, aliyetoka kufanyiwa upasuaji au kupata mshtuko wa moyo siku chache zilizopita, lehemu yake inaweza kusomeka chini kuliko ilivyo, kwa hiyo andika hali hiyo kwenye kadi. Mjamzito lehemu yake hupanda kwa kawaida. Mpime presha na sukari, za lehemu mwambie tutaziangalia baada ya kujifungua.