Kadi yasema 1998, chuma chasema 1983

Mwezi wa tatu iliingia gereji kwetu hapa Kent, Uingereza, Land Rover 109 ya Series III. Rangi yake ilikuwa ile kijani ya jeshi, na turubai lilikuwa limechanika pembeni. Mwenyewe alikuwa na swali moja. Kwa nini Land Rover ya jirani yake, ambayo ni ya umri uleule, hailipi kodi ya barabara, na yeye anatoa zaidi ya pauni 300 kila mwaka? Nikaomba kadi ya gari. Tarehe ya usajili wa kwanza: 1998.

Nikachukua tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikapangusa kile kibati kidogo mbele ya abiria. Chini ya rangi iliyopakwa mara tatu zikatokea namba ya chesisi na namba ya mkataba wa Wizara ya Ulinzi. Wiki chache baadaye rekodi za jeshi zikatujibu kwamba gari lilitoka kiwandani 1983. Miaka 15 ya umri wake ilikuwa imepotea kwenye makaratasi.

Magari ya kiraia hayana shida hii. Yanasajiliwa yakiwa mapya, na tarehe ya kadi inakaribiana na tarehe ya kiwandani. Gari la jeshi halipiti DVLA, idara ya usajili wa magari kule Swansea, likiwa kazini, kwa sababu jeshi lina namba zake, ambazo kwa magari ya enzi ile zilikuwa tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Linatumika miaka 10, miaka 20, kisha linauzwa kwa mnada, na aliyelinunua ndiye anayelisajili kwa mara ya kwanza. Asipoleta ushahidi wa mwaka lilipotengenezwa, umri wake unaanza kuhesabiwa siku hiyo. Mbaya zaidi ni kupewa namba inayoanza na Q, maana yake umri au asili ya gari havijulikani. Ukishabandikwa Q, kudai misamaha ya kodi na ukaguzi ninayoieleza hapa inakuwa kazi ya kupanda mlima.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kununua gari la namna hii, kabla hujapiga injini, tafuta kibati. Kikiwa kimeng'olewa, tafuta namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe. Makumbusho ya Royal Logistic Corps yanatunza kadi za kumbukumbu za magari mengi ya jeshi la Uingereza, na vyama vya wenye magari ya kale vinavyotambuliwa huandika barua ya kuthibitisha umri, ambayo DVLA huipokea. Piga picha za namba zote kabla ya kupaka rangi upya. Nimeshaona watu wanaosugua kibati kwa mashine hadi namba zinafutika, wakidhani wanasafisha.

Sasa misamaha yenyewe. Iko miwili, na watu wengi wanaichanganya wakidhani ni mmoja.

Wa kwanza ni wa kodi ya barabara. Miaka ya 1990 kigezo kilikuwa miaka 25, kikagandishwa kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya 1973, na tangu 2014 ni miaka 40 inayosogea. Lakini hausogei siku ya kuzaliwa kwa gari. Husogea mara moja kwa mwaka, tarehe 1 Aprili. Gari lililotengenezwa kabla ya 1 Januari 1986 linaacha kulipa kuanzia 1 Aprili 2026. Na usinielewe vibaya, nitakwambia hili mara mbili: kutolipa si kutojiandikisha. Kila mwaka lazima uombe kodi hiyo ya pauni sifuri, la sivyo gari lako liko barabarani bila kodi. Ukilikodisha kwenye harusi au ukalifanyia biashara, msamaha haukuhusu.

Wa pili ni wa ukaguzi, ule unaoitwa MOT. Mwezi Novemba 2012 yalisamehewa magari yaliyotengenezwa kabla ya 1960, na tangu 20 Mei 2018 kigezo ni miaka 40. Huu unahesabiwa kwa gari lenyewe, haungojei Aprili. Ndiyo maana kuna miezi ambayo gari limeshasamehewa ukaguzi na bado linadaiwa kodi.

Kuna sharti jingine kwenye ukaguzi: gari lisiwe limebadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita. Ukiweka chesisi mpya ya muundo uleule wa awali, hujabadilisha kitu. Ukiweka injini ambayo kiwanda chenyewe kiliifunga kwenye aina hiyo ya gari, uko salama. Lakini ukichomoa injini ya silinda 4 ya Land Rover ya Series ukapachika V8, yaani ya silinda 8, jiandae kueleza, kwa sababu idadi ya silinda ikibadilika ni dalili kubwa kwamba injini si ya gari lile. Mfumo wa springi au usukani ukibadilishwa, hali ni hiyohiyo. Yanaruhusiwa mabadiliko ya lazima kwa sababu vipuri vya asili havipatikani tena, na yale yaliyokuwa yakifanywa wakati aina hiyo bado inatengenezwa, au ndani ya miaka 10 baada ya kusimamishwa. Tunza risiti.

Wenye malori, mizani yenu ni nyingine. Lori la zaidi ya tani 3.5 linalofanya biashara halisamehewi kwa kufikisha miaka 40. Lori lililotengenezwa kabla ya 1960, kama GMC za vita vya pili au Bedford QL, lina msamaha wake, mradi litembee tupu na lisivute tela lenye mzigo.

Hapo makaratasi yanaishia, na ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Serikali ikisema haitalikagua gari lako, haijasema gari ni zima. Kuendesha gari bovu la hatari kunaweza kukugharimu faini ya hadi pauni 2,500 na alama 3 kwenye leseni, hata kama gari lina miaka 80 na halidaiwi cheti chochote. Kazi ya mkaguzi imehamia kwako.

Chukua Willys MB, ile Jeep ya 1941 hadi 1945. Breki zake za mguu zina mkondo mmoja tu wa oili kwa magurudumu yote manne. Magari ya leo yana mikondo miwili, mmoja ukipasuka mwingine unakusimamisha. Kwenye Willys, bomba moja dogo la nyuma likitoboka kwa kutu, pedali inazama hadi sakafuni na huna breki hata moja. Pampu kuu iko chini ya sakafu, inapopigwa na maji na matope. Oili ya breki nayo inafyonza unyevu hewani, na gari linalotembea siku sita kwa mwaka linakaa na maji ndani ya mabomba miezi yote mingine. Nikivua mpira wa silinda ya gurudumu nikakuta uji wa kahawia, sisemi "tuisafishe". Nabadilisha mabomba yote, laini za mpira zote, silinda zote, kisha nakaa kwenye kiti na kukanyaga pedali kwa nguvu dakika nzima huku mwenzangu yuko chini na tochi.

Handibreki ndiyo inayowadanganya wengi. Kwenye Willys, na kwenye Land Rover za Series pia, haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya giaboksi. Ukiweka jeki ukainua gurudumu moja la nyuma, difu, zile gia za ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, inaliachia lizunguke, na gari linateremka jekini na handibreki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Nimeliona likitokea kwenye uwanja wa maonyesho, na aliyekuwa karibu aliokoka kwa sababu tu alikuwa ameinuka kufuata spana. Weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu, kila mara.

Tairi vilevile. Za jeshi hazichakai kwa safari, zinazeeka. Meno yamesimama kama mapya, ubavuni kuna nyufa za kuingiza ukucha. Soma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni: 1709 ni wiki ya 17 ya 2009. Tangu Februari 2021 malori na mabasi hapa Uingereza yamekatazwa tairi za zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele. Gari la kale lisilo la biashara limeachwa nje ya katazo hilo. Mimi siliachi nje.

Yule mwenye Land Rover kadi yake imesharekebishwa, mwaka wa 1983 umeandikwa, na kodi ni sifuri. Nilimwomba alilete kwa MOT ya hiari, ambayo kituo hakiruhusiwi kutoza zaidi ya pauni 54.85. Alisita, maana likianguka linaandikwa kwenye kumbukumbu kama gari lingine lolote. Akakubali.

Likaanguka. Boriti ya nyuma ya chesisi, pale inapofungwa ndoana ya tela, niliigonga kwa nyundo ndogo kutoka kulia. Kulia ilitoa mlio wa kengele. Kushoto ilitoa sauti ya boga, na gonga la tatu likamwaga kutu sakafuni kiasi cha kujaza kikombe. Chesisi hizi ni za boksi, zinaoza kutoka ndani kuja nje, na rangi ya juu ilikuwa safi kabisa. Mwenyewe aliichukua ile kutu akaiweka kwenye mfuko wa plastiki, akasema anampelekea jirani. Boriti mpya imefika jana. Jumatatu tunakata.